Kati ya Kufuli Mbili: Okidi Ndogo za Juu ya Miti na Ramani ya Mimea ya Nile Magharibi

Tarehe 10 Aprili 1889 Emin Pasha, gavana wa mwisho wa jimbo la Equatoria chini ya serikali ya Misri, aliondoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akifuatana na msafara wa Henry Morton Stanley kuelekea pwani. Tarehe 6 Mei mwaka huohuo, mjini Hamburg, alifariki dunia Heinrich Gustav Reichenbach, mtaalamu wa okidi aliyeheshimiwa na kuogopwa kuliko wote wa zama zake. Tukio la kwanza liliiacha nchi iliyo magharibi ya mto Nile bila mamlaka ambayo ingeweza kumlinda msomi mgeni au kusafirisha mizigo yake. Tukio la pili lilifunga kabati. Katika wosia wake Reichenbach aliiachia makumbusho ya Vienna hebaria yake, yaani mkusanyo wake wa mimea iliyokaushwa pamoja na michoro na maandishi, kwa sharti kwamba isifunguliwe kwa muda wa miaka 25. Kufuli hiyo ilifunguliwa mwaka 1914. Na ni mwaka huohuo wa 1914 ambapo utawala wa Uganda uliipokea nchi ya Walugbara na jirani zao, ukajenga boma lake Arua.

Kulingana kwa tarehe hizi ni sadfa tu. Hata hivyo ni sadfa inayomfaa mwanahistoria, kwa sababu inamkumbusha kwamba mmea haujulikani kisayansi mpaka milango miwili iwe wazi kwa wakati mmoja: mlango wa msitu unakoota na mlango wa kabati unakolinganishwa na wenzake. Hoja ya makala haya ni kwamba uhaba wa kumbukumbu za okidi ndogo za juu ya miti katika Nile Magharibi ni zao la historia ya milango hiyo, na kwamba uhaba huo umekuwa ukisomwa na wapangaji wa sera kana kwamba ni habari kuhusu misitu yenyewe.

Mmea usio na majani

Ili hoja isielee hewani, tuchukue spishi moja iwe mfano: Microcoelia globulosa. Jina la jenasi lilitolewa na John Lindley mwaka 1830 kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya tumbo dogo, kwa ajili ya kifuko kidogo kilicho nyuma ya ua. Spishi hii imeandikwa kuanzia Nigeria hadi Ethiopia, na kusini hadi Zimbabwe. Nile Magharibi iko ndani ya eneo hilo, juu ya mwinuko unaotenganisha maji yaendayo Nile na yale yaendayo Kongo.

Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza huenda asitambue kwamba ameona mmea. Haina majani. Shina lake ni fupi mno, na kinachoonekana ni tita la mizizi ya rangi ya kijivu iliyoshikamana na gome la tawi, mfano wa uzi uliosahauliwa juani. Mvua ikinyesha, mizizi hiyo hunywa maji kwa ngozi yake iliyo kama sifongo na kugeuka kijani, kwa maana kazi ya kutengeneza chakula kutokana na mwanga, ambayo kwa mimea mingi hufanywa na majani, hapa hufanywa na mizizi. Maua ni meupe, ya milimita chache. Yakishapita, mmea hurudi kuwa uzi.

Wakazi wa vijijini, na hata baadhi ya maofisa wa kilimo, huiweka mimea ya namna hii katika kundi moja na kirukia. Kosa hilo lina gharama. Kirukia hupenyeza mizizi yake ndani ya mti na kunyonya, na mkulima ana haki ya kukikata kwenye mwembe wake. Okidi hainyonyi kitu. Inautumia mti kama mahali pa kukaa, ikiishi kwa mvua, umande na vumbi linalonasa kwenye mizizi. Inachohitaji ni gome la kukwaruza, lililokaa miaka mingi bila kubanduka, na kuvu wa aina maalumu ndani ya gome hilo, maana mbegu za okidi ni nyepesi kama vumbi na hazibebi akiba ya chakula. Bila kuvu huyo mbegu haioti. Kwa hiyo mti mzee wenye matawi mapana hauwezi kubadilishwa na miche mia ya mikaratusi, ambayo gome lake hubanduka kila mara pamoja na chochote kilichojaribu kujishikiza.

Sifa hizi za kibiolojia zina matokeo ya kihistoria. Mmea mdogo ulio juu ya tawi, usio na majani, na ambao hauwezi kutambuliwa kwa uhakika pasipo ua, hukusanywa na mtu aliyekaa mahali pamoja kwa miezi, mwenye mpandaji miti wa kumsaidia, na asiyekuwa na haraka. Mtu wa namna hiyo Nile Magharibi ilimpata kwa nadra sana.

Wapitao na mizigo yao

James Augustus Grant, akiwa na John Hanning Speke, alipita nchi ya Wamadi, ng'ambo ya mashariki ya mto, katika miezi ya mwisho ya safari iliyofika Gondokoro tarehe 15 Februari 1863. Grant alikausha mimea njiani, na orodha yake ilichapishwa katika juzuu la 29 la jarida la Linnean Society ya London kati ya 1872 na 1875. Ni kazi ya thamani, lakini ni kazi ya mpita njia: anachokota ni kile kinachofikiwa na mkono kando ya njia, katika wiki ile aliyopita. Okidi za ardhini hufikiwa hivyo. Za juu ya miti, mara chache.

Georg Schweinfurth alikuwa mtu wa tabia nyingine. Huyu alikuwa mwanabotania kwa taaluma, na kati ya 1868 na 1871 aliishi na kutembea katika Sudan Kusini ya leo na katika bonde la mto Uele, akifika katika baraza la mfalme Munza wa Wamangbetu mnamo Machi 1870. Hakufika Arua. Lakini njia yake iliuzunguka upande wa magharibi wa mwinuko uleule wa maji, na mimea yake ndiyo iliyowapa wataalamu wa Ulaya picha ya kwanza ya okidi za ukanda huo. Mwezi Desemba 1870 moto uliunguza kambi ya wafanyabiashara alimokuwa akiishi, ukateketeza sehemu kubwa ya daftari na makusanyo yake. Zile sampuli za okidi zilizokwisha kufika Ulaya zilipita mikononi mwa Reichenbach, ambaye alichapisha spishi kadhaa mpya kutokana nazo katika kitabu chake Otia Botanica Hamburgensia kuanzia mwaka 1878.

Emin naye alikuwa na kila sababu ya kuwa mkusanyaji aliyehitajika. Alikuwa daktari, alijua lugha nyingi, na alikaa. Kuanzia 1885 makao yake yalikuwa Wadelai, ukingoni mwa Nile. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege na wanyama. Makasha aliyoyatuma Ulaya yalijaa ngozi, na Gustav Hartlaub wa Bremen alipata kazi ya miaka kuzipa majina. Ni jambo dogo, pengine, kwamba gavana mmoja alipenda ndege kuliko maua. Lakini katika nchi ambayo kwa miaka kumi msomi mkazi alikuwa mmoja tu, upendeleo wa mtu mmoja huwa sera.

Miaka 25

Baada ya Emin kuondoka, baadhi ya askari wake wa Kisudani walibaki. Kundi lililokuwa chini ya Selim Bey lilichukuliwa na Frederick Lugard mwaka 1891, na kutokana na askari wale ndipo walipotokea Wanubi wengi wa Uganda. Nchi yenyewe iliingia katika kipindi ambacho wanahistoria wa kisiasa wamekieleza vizuri zaidi kuliko wanahistoria wa sayansi. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II eneo la Lado. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Rejaf mwaka 1897. Masharti ya ukodishaji yalisema kwamba eneo lingerudi baada ya kifo cha Leopold, naye alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Katika robo karne hiyo nchi moja ilibadili bwana mara nne, na hakuna hata mmoja kati ya mabwana hao aliyeihesabu kuwa mahali pa kudumu. Aliyejua kwamba atakabidhi eneo siku mfalme atakapokufa hakuwa na haja ya kuorodhesha mimea yake.

Wakati huohuo kabati la Vienna lilikuwa limefungwa. Athari yake kwa elimu ya okidi za Afrika ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Robert Allen Rolfe wa Kew, aliyeandika sehemu ya okidi katika juzuu la 7 la Flora of Tropical Africa (1897–1898), ilimbidi afanye kazi bila kuona hebaria ya Reichenbach, ambamo kulikuwa na sampuli za msingi za spishi nyingi alizoziandika. Fritz Kraenzlin, aliyekuwa akizipa majina sampuli zilizomiminika Berlin kutoka makoloni ya Ujerumani, alikuwa katika hali hiyohiyo. Pale ambapo mtaalamu hawezi kulinganisha, hutoa jina jipya kwa kitu ambacho huenda kilikwisha kupewa jina. Sehemu ya kazi ya karne ya 20 katika taaluma hii imekuwa ni kufuta majina yaliyozaliwa gizani.

Mwaka kabati lilipofunguliwa, Rudolf Schlechter alichapisha mjini Berlin kitabu chake Die Orchideen, na ndani yake akaanzisha jenasi Tridactyle na Diaphananthe kwa ajili ya okidi ndogo za juu ya miti ambazo hadi hapo zilikuwa zimerundikwa pamoja na nyingine chini ya Angraecum. Tridactyle maana yake ni vidole vitatu, kwa umbo la mdomo wa ua. Mwaka 1918 alipanga upya kundi zima la Afrika. Kwa hiyo A. E. Weatherhead, mkuu wa kwanza wa wilaya, alipofika Arua mwaka 1914, lugha ya kuelezea kile kilichoning'inia juu ya miti iliyomzunguka ilikuwa imeundwa miezi ileile. Vita vya Dunia vilivyoanza mwezi Agosti vilihakikisha kwamba Berlin na Arua hazitaandikiana.

Faru wa Rhino Camp

Kuna kipindi kimoja ambacho makumbusho kubwa ya dunia ilileta wataalamu wake mpaka Nile Magharibi. Mwezi Januari 1910, Leopold akiwa ameshazikwa na eneo likiwa bado halijakabidhiwa, Theodore Roosevelt alipiga kambi mahali ambapo jina lake la leo ni Rhino Camp, akiwa na msafara wa Smithsonian. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwamo Edgar Mearns, daktari wa jeshi aliyekuwa pia mkusanyaji hodari wa ndege na mimea. Yaani mtu aliyefaa alikuwapo. Lakini msafara ulikuja kwa ajili ya faru mweupe, na Roosevelt na mwanawe Kermit wakawaua tisa.

Faru huyo anastahili kusimamishwa hapa kama kipimo. Kwa sababu alitafutwa, alihesabiwa. Kwa sababu alihesabiwa, alitengewa hifadhi katika Mlima Kei na Ajai. Katika miaka ya 1960 baadhi yao walihamishiwa Murchison Falls kwa usalama. Na walipotoweka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoweka kwao kulijulikana, kukaandikwa, kukalaumiwa. Leo serikali inaweza kuulizwa kuhusu faru wa Nile Magharibi, nayo ikalazimika kujibu. Kuhusu okidi iliyokuwa juu ya mti uliomtilia kivuli faru yule, hakuna swali linaloweza kuulizwa, kwa sababu hakuna mstari wa kuanzia. Kuhifadhiwa kwa faru kulishindwa, lakini kulishindwa hadharani.

Boma, miti na nambari

Chini ya utawala wa Uganda Nile Magharibi iligeuzwa kuwa mahali pa kutoa watu. Kuanzia miaka ya 1920 vijana wa Kilugbara, Kialuri na Kikakwa waliandikishwa kwenda kwenye mashamba ya miwa na pamba ya kusini, na wengine jeshini. Tumbaku ilipoingia kama zao la biashara, iliingia pamoja na mabanda ya kukaushia kwa moto, na moto huo ulilishwa kwa miti ya asili. John Middleton, aliyefanya utafiti wake kati ya Walugbara kuanzia 1949 hadi 1952, aliikuta nchi ya juu ikiwa wazi, yenye wakazi wengi na miti michache.

Maofisa wa misitu, kwa upande wao, walifanya kazi kubwa ambayo bado tunaitegemea. Kitabu cha W. J. Eggeling kuhusu miti ya asili ya Uganda kilitoka mwaka 1940 na kurekebishwa na Ivan Dale miaka ya mwanzo ya 1950. Ndani yake mna majina ya miti kwa lugha za wenyeji, Kilugbara na Kimadi zikiwamo. Jambo hili ni la kuheshimiwa: ofisa wa misitu alimuuliza mtu wa Terego au Moyo mti huu unaitwaje, akaandika jibu. Lakini alimuuliza kuhusu mti. Kilichoota juu ya mti hakikuwa mbao, na Idara ya Misitu haikuwa na safu ya kukiandikia. Hivyo hata maarifa ya wenyeji yaliingia katika kumbukumbu kupitia mlango uleule mwembamba wa manufaa ya mbao.

Kisha ikaja nambari. Mradi wa Flora of Tropical East Africa, uliochapisha sehemu zake kuanzia 1952 hadi 2012 na kuorodhesha spishi 12,104, uligawa nchi tatu katika kanda: Kenya saba, Tanzania nane pamoja na Zanzibar na Pemba, na Uganda nne. Nile Magharibi iliwekwa katika U1, Jimbo la Kaskazini la kikoloni, pamoja na Madi, Acholi, Lango na Karamoja. Kanda hiyo inaanzia mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Kenya. Kutoka Arua hadi Moroto ni kilomita 400 hivi za anga, na ni safari ya kutoka kwenye mwinuko wenye mvua za kutosha hadi kwenye nyika ya wafugaji.

Naomba msomaji akae kidogo hapa, kwa maana hapa ndipo historia inapogeuka kuwa sera bila mtu kuamua. Kwa kila spishi kitabu hutaja sampuli chache tu kwa nchi, kisha huandika kanda: U1, U2 na kuendelea. Okidi moja iliyokusanywa kwenye mlima mmoja wa Karamoja inatosha kuandika U1. Anayesoma U1 akiwa ofisini Arua ataamini kwamba spishi hiyo imethibitishwa kwake. Kinyume chake, spishi isiyo na U1 itachukuliwa kuwa haipo kaskazini, ilhali maana halisi ni kwamba hakuna aliyeipeleka kwenye hebaria wakati kitabu kinaandikwa. Nambari hiyo inakosea pande zote mbili: inajaza mahali patupu na inatupa mahali palipojaa. Wahariri hawana lawama, kwani walihitaji kipimo kimoja kwa eneo kubwa. Lakini kipimo kilichofaa kwa mchapishaji wa Kew si lazima kimfae mshauri wa mazingira wa wilaya ya Koboko, ambaye wilaya yake iliundwa mwaka 2005 na haina alama yake yenyewe popote katika kitabu hicho.

Sehemu ya kwanza ya okidi katika mradi huo iliandikwa na Victor Samuel Summerhayes, aliyesimamia okidi za Kew kwa miaka arobaini kuanzia 1924, na ilitoka mwaka 1968. Kati ya kuteuliwa kwake na kuchapishwa kwa sehemu hiyo kulitokea hasara isiyolipika. Mwezi Machi 1943 mabomu yaliiteketeza hebaria ya Berlin-Dahlem, na ndani yake mkusanyo wa okidi wa Schlechter, aliyekuwa amefariki mwaka 1925, pamoja na sampuli za msingi za Kraenzlin. Sampuli ya msingi ndiyo ile ambayo jina hufungamana nayo; ikiungua, jina hubaki likining'inia. Kwa okidi za Afrika ya kati na mashariki, moto huo ulikuwa sawa na kuungua kwa masjala ya ardhi: hati zimepotea, na kila dai linalofuata inabidi lithibitishwe upya kwa ushahidi wa pembeni.

Vitabu vilivyotoka wakati wa uhamisho

Sehemu mbili zilizobaki za okidi, ambamo mimea mingi ya juu ya miti ilimo, ziliandikwa na Phillip Cribb na kutoka mwaka 1984 na 1989. Lars Jonsson wa Uppsala alichapisha kazi yake kamili kuhusu jenasi Microcoelia mwaka 1981. Kwa taaluma hii, muongo huo ulikuwa wa mavuno.

Kwa Nile Magharibi ulikuwa muongo wa kukimbia. Idi Amin, mtu wa Koboko kwa asili ya baba, alipinduliwa mwezi Aprili 1979. Oktoba 1980 mabaki ya jeshi lake yalishambulia kutoka ng'ambo ya mipaka, na kisasi cha jeshi la serikali mpya kikawaangukia raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombachi, nje kidogo ya Arua, waliuawa humo. Sehemu kubwa ya wakazi wa mkoa waliingia Sudan na Zaire, na wengi hawakurudi hadi 1986 na baada yake. Hakuna mwanafunzi wa Makerere aliyeweza kutumwa kupanda miti Maracha mwaka 1982. Kwa hiyo kitabu ambacho hadi leo ndicho mamlaka ya mwisho kuhusu okidi zetu kilifungwa katika miaka ambayo mkoa huu haukuwa na uwezekano wowote wa kutoa ushahidi. Ukurasa wenyewe hausemi hivyo. Unasema tu U2, U4.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao usirukwe. Mahali watu walipoondoka, miti ilikua. Waliorudi walikuta vichaka mahali palipokuwa mashamba. Laiti kungekuwa na orodha ya kabla na ya baada, vita vya Nile Magharibi vingekuwa somo adimu kuhusu jinsi mimea ya juu ya miti inavyorejea.

Kinachohesabiwa leo

Amani iliporejea, Idara ya Misitu ya Uganda ilifanya katika miaka ya mwanzo ya 1990 tathmini ya bioanuwai ambayo kwa Afrika ilikuwa ya mfano. Misitu 65 ilichunguzwa, na thamani ya kila mmoja ikapimwa kwa makundi matano: miti na vichaka, ndege, mamalia wadogo, vipepeo na nondo wakubwa. Matokeo yake yaliongoza mgawanyo wa maeneo ya uhifadhi mkali ndani ya hifadhi za misitu, na yaliendelea kutumiwa hata baada ya Sheria ya Misitu ya 2003 kuunda mamlaka mpya. Uteuzi wa makundi hayo matano ulikuwa na sababu nzuri za kifedha na za utaalamu. Lakini okidi hazimo, na kile ambacho hakikupimwa hakikuweza kuongeza alama ya msitu wowote.

Okidi zina ulinzi wa kisheria wa aina moja iliyo wazi: familia nzima imo katika orodha za mkataba wa CITES, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991. Mkataba huo unasimamia biashara ya kuvuka mipaka. Hauna la kusema kuhusu mti unaoangushwa kwa ajili ya mkaa na kuuzwa Kampala, na okidi zake zikaungua pamoja na matawi madogo pembeni mwa tanuri.

Nayo miti inaangushwa. Arua ilipewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020. Anayesimama juu ya Kilima cha Arua huona mabati yakienea kila upande, na nishati ya majiko yaliyo chini ya mabati hayo hutoka vijijini. Kambi ya Bidi Bidi huko Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016 na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 250,000 kutoka Sudan Kusini. Imvepi ikafuata mapema 2017. Wakimbizi hawa wanapika kwa kuni kama wenyeji wao, na kuwabebesha wao peke yao lawama ya miaka mia ya tumbaku na mkaa ni dhuluma. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Amri hiyo, kama sheria za hifadhi zilizoitangulia, inautambua mti kwa jina na kwa ukubwa.

Makimbilio yaliyobaki kwa mimea ya juu ya miti, kwa maoni yangu, si lazima yawe mahali ramani za hifadhi zinapoonyesha. Middleton alieleza jinsi Walugbara walivyomhofu Adro, upande wa Mungu unaokaa duniani, katika vijito, vichaka na miti mikubwa, na jinsi wavuta mvua walivyokuwa na vichaka vyao maalumu. Mti ambao ulihofiwa kwa vizazi vitatu ni mti ambao gome lake halikuguswa kwa vizazi vitatu. Vichaka hivyo ni vidogo, havina mipaka iliyopimwa, na vingi viko katika ardhi ya ukoo ambayo warithi wake sasa wanagombania viwanja. Ni mahali pa kuanzia kutafuta, na wazee wanaojua vilipo wanapungua.

Utafutaji wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji mtu anayerudi mahali palepale katika majira tofauti, sampuli yenye ua, na kibandiko kinachotaja kijiji badala ya kanda, aina ya mti mwenyeji na jina lake kwa Kilugbara au Kikakwa, kisha nakala moja iende hebaria ya Makerere na nyingine Nairobi. Njia rahisi kuliko zote haijatumiwa ipasavyo: mti uliokwisha kuangushwa. Kwa siku chache kilele chake kiko chini, kinafikiwa na mkono, na mizizi ya okidi bado ni mibichi. Ofisa wa misitu anayetoza faini tanuri la mkaa anasimama kando ya ushahidi ambao Grant na Schweinfurth hawakuweza kuufikia, na fomu anayojaza ina nafasi ya magunia tu.

Katika makazi ya wakimbizi, Rhino Camp ikiwamo, mashirika na ofisi ya Waziri Mkuu wamekuwa wakitia alama ya rangi kwenye mashina ya miti isiyopaswa kukatwa. Miti huchaguliwa kwa spishi yake: shea, mkwaju, na ile ya mbao ngumu inayoadimika. Rangi hupakwa usawa wa kifua, mahali inapoonekana vizuri na mtu mwenye shoka. Kuongeza kigezo kimoja katika uchaguzi huo, yaani umri wa gome na kile kilichoota juu ya matawi, kungemgharimu mpaka rangi dakika chache za kutazama juu kabla ya kuchovya brashi.